Saa Tano za Miguu, Saa Moja ya Darasa

Usimwite Mushagalusa mlinzi, atakasirika hata kaburini. Mlinzi anakaa. Mushagalusa alikuwa planton, na planton wa shule ya sekondari hana wakati wa kukaa. Ndiye aliyepiga kengele, ndiye aliyefungua na kufunga lango, ndiye aliyepeleka barua za préfet, mkuu wa shule, na kujua profesa gani kachelewa na kwa sababu gani, kisha akanyamaza. Kwa miaka kumi, huko Ibanda, mjini Bukavu, shule ile ilitembea kwa mkono wake, na kama unabisha, tafuta yeyote aliyesoma pale umuulize kama aliwahi kusikia kengele ikichelewa. Siku ya kumzika mama yake alipiga ya kwanza, akaenda kuzika, akarudi kupiga ya mwisho. Martine, mke wake, alimnunia mwezi mzima kwa ajili ya hilo.

Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa mnyororo barazani, ikipigwa kwa kipande cha nondo. Kazi hiyo alijifunza akiwa kijana, kwenye shamba la chai la mzungu mmoja, akiwaita wavunaji alfajiri. Shule aliisoma miaka mitatu tu, kwao Nyantende, baba yake akamtoa ashike jembe. Ndiyo maana karatasi zilimtia woga, lakini saa alikuwa nazo damuni. Jina lake la ubatizo lilikuwa Philémon. Miaka ile ya Zaïre majina ya watakatifu yalibaki nyumbani, na shuleni kila mtu alikuwa citoyen, mwananchi. Yeye alilipenda sana neno hilo. Préfet ni citoyen, planton ni citoyen, basi nani mkubwa?

Sasa, karibu kila Septemba mambo yalikuwa yaleyale. Darasa la mwaka wa kwanza linajaa watoto sitini, wa Kadutu, wa Bagira, wa Ibanda kwenyewe, na kati yao mmoja au wawili wa milimani, mashati yamenyooshwa kwa kulaliwa, viatu vya kuazima. Hao wamefaulu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi mahali ambapo wenzao thelathini wameanguka. Kijiji kizima kimewachezea ngoma. Kufika Oktoba, hawapo. Majina yao yanasomwa, hakuna anayeitika, karani anapiga mstari, na maprofesa wanasema kwa Kifaransa chao kizuri kwamba mtoto wa kijiji hana moyo wa kusoma. Mushagalusa, mtoto wa mlima naye, aliwaka ndani akisikia hivyo. Lakini afanye nini? Aliwaona kwa macho yake wakiondoka.

Sheria ya lango ilikuwa moja: mwanafunzi hatoki bila karatasi yenye sahihi ya préfet. Watoto wa mjini, wajanja wale, wakitaka kutoroka walipita nyuma ya vyoo na kuruka ukuta, na Mushagalusa aliwakamata kwa masikio bila huruma. Watoto wa milimani hawakuruka ukuta. Walikuja moja kwa moja langoni, begi mkononi, wakamwamkia kwa mikono miwili kama walivyofundishwa kwao, wakamtakia kazi njema. Mtu mwenye heshima namna ile atakuwa anatoroka kweli? Lazima katumwa, lazima karuhusiwa. Hakuwadai karatasi. Akavuta komeo, akawaambia wasalimie nyumbani.

Mwaka wa 1979 alikuja Bulonza. Msichana wa miaka kumi na tatu, mtoto wa Nyantende, hana baba, hana mama, kalelewa na bibi yake Adélaïde ambaye kila mtu pale kijijini alimwita Koko. Msichana wa kwanza wa mlima ule kufaulu kwenda sekondari. Mushagalusa alipomwona siku ya kwanza na sketi yake ya buluu inayofika karibu na vifundo vya miguu, alijisikia mrefu kuliko bendera. Na kengele ya kumaliza somo la kwanza ilipolia, saa mbili na dakika ishirini, Bulonza akatoka na begi lake, akaja langoni, akamwamkia kwa mikono miwili. Mushagalusa akafungua. Kesho yake vilevile, na keshokutwa.

Jumapili ya tatu Mushagalusa alipanda Nyantende kwa misa. Baada ya misa Koko Adélaïde alimshika mkono mbele ya watu, amejifunga kitenge chake cha sikukuu, akaanza kujisifu kwa sauti. Alisema tangu amezaliwa hajaona shule tamu kama ya Bukavu. Mtoto anaondoka jogoo la kwanza, na kabla jua halijafika utosini karudi, kala, kashika jembe.

"Bakubwa habasomake siku nzima kama batoto," akasema. "Saa moja tu, basi. Njo maana banaitwa bakubwa."

Watu wakacheka kwa furaha, Mushagalusa naye akacheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Toka Nyantende mpaka Ibanda ni saa mbili na nusu kwa miguu, kwa mtu anayejua kutembea. Kwenda na kurudi, saa tano. Mtoto anayekimbia masomo hatembei saa tano kila siku ili asome moja. Alimwita Bulonza pembeni, karibu na ukuta wa kanisa, akamuuliza taratibu ni nani aliyemruhusu kutoka.

Bulonza hakuelewa swali. Alisema kengele ililia, profesa akakusanya vitabu vyake, akaaga, akaenda. Kwa Maître Barthélemy, mwalimu wake wa darasa la sita, maître alikuwa mmoja tangu asubuhi hadi mwisho. Akifunga vitabu na kutoka, watoto wanasali, wanakwenda kwao. Mushagalusa akamuuliza kama hakuona wenzake wanabaki. Aliwaona, ndiyo. Alidhani ni zamu yao ya kufagia. Kila siku alingoja aitwe naye katika zamu, na hakuitwa, na jambo hilo lilimuuma, akadhani wa mjini hawataki mtoto wa kijiji ashike hata ufagio wao.

"Na weye papa," akasema, "ulikuwa unanifungulia."

Alisema bila lawama yoyote, kama mtu anayetaja shahidi wake. Mushagalusa alimwambia tu kwamba profesa akitoka anakuja mwingine, na baada yake mwingine, sita kwa siku moja. Mtoto wa watu alifungua macho, akahesabu kwa vidole siku alizokosa, na alipofika kumi na tatu akaanza kulia kwa aibu. Mushagalusa alitamani ardhi immeze. Maana yeye hakuwa anahesabu siku. Alikuwa anahesabu watoto: wawili wa Nyantende, mmoja wa Luvungi, wawili wa Idjwi waliokuja kwa mtumbwi na kuku wa zawadi, na wanne wengine. Tisa kwa miaka kumi. Wote wenye heshima, na wote aliwafungulia mwenyewe.

Nyumbani Kadutu alimweleza Martine, na Martine, mwanamke mwenye akili ya haraka, aliona mbali kuliko yeye. Ukienda kwa préfet kusema mtoto hakutoroka, atakuuliza alipitaje langoni. Na planton anayefungua bila karatasi ni planton asiye na kazi. Wana watoto watano ndani ya nyumba. Bora kujikwaa dole kuliko ulimi, Martine akamwambia, kaa kimya, mtoto atajaribu tena mwakani. Mushagalusa akamjibu kwamba mwakani jina lake litakuwa na mstari, na jina lenye mstari halirudi. Kisha akasema mficha uchi hazai, akalala, au alijifanya amelala.

Jumatatu asubuhi akapiga kengele ya kuingia, kwa dakika yake kama kawaida, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akagonga mlango wa préfet bila kuitwa. Préfet Wakenge alikuwa mtu wa Mwenga, mkali, maneno yake machache, na kalamu nyekundu haikumtoka mkononi. Orodha ilikuwa mbele yake. Bulonza alikuwa humo, jina la nne, siku kumi na tatu, na mstari ulikuwa unangoja wino tu.

Mushagalusa alisimama wima, kofia kifuani. Alikuwa ametayarisha hotuba nzuri njia nzima na yote ikampotea. "Citoyen Préfet," akasema, "ule mutoto hakutoroka. Ni mimi nilimufungulia mulango. Yeye na wengine tisa mbele yake."

Préfet akaweka kalamu chini. Mushagalusa akaeleza yote: kengele, maître mmoja wa kijijini, zamu ya kufagia, saa tano za miguu. Akawataja wale tisa kila mmoja kwa mlima wake na mwaka wake, maana majina ya watu hayakumtoka kichwani hata kama kuyaandika kulimtia woga. Alipomaliza, alisikia darasa la pili likisoma kwa pamoja upande wa pili wa uwanja. Préfet alisimama, akaenda dirishani, akampa mgongo. Miaka kumi maprofesa walisema mtoto wa kijiji hana moyo, na yeye préfet aliandika hivyo hivyo katika ripoti zake.

"Mutoto arudi leo," akasema mwishoni. "Lakini sheria ni sheria. Jina lake na lako nitayaandika pamoja. Mwisho wa mwaka akianguka, anatoka yeye, na weye utaniletea funguo."

Basi hapo ndipo Mushagalusa aliponaswa: kazi yake, chakula cha watoto watano, vimefungwa kwenye kichwa cha msichana aliyekosa siku kumi na tatu za aljebra na Kifaransa. Wengine wangemchukia mtoto. Yeye alitoka mle ofisini ametanua kifua, haki ya Mungu, kana kwamba amepewa cheo.

Aljebra hakuijua. Lakini maprofesa aliwajua, na hilo ni somo ambalo halimo katika kitabu chochote. Alimkalisha Bulonza kwenye kibanda chake langoni kila asubuhi kabla ya masomo, akamfundisha siku ya sekondari kama katekista anavyofundisha sala. Wa hesabu anataka pambizo la mstari mwekundu, usipolichora hasomi kazi yako. Wa jiografia anauliza daima somo la jana, kwa hiyo soma la jana. Wa Kifaransa anapiga kelele lakini hana ubaya, anapenda mtoto anayeinua mkono hata akikosea. Kuuliza si ujinga, alimwambia, kutouliza ndiko kulikokuponza. Kwa wiki nzima ya kwanza, kila kengele ilipolia, alimtazama tu kutoka barazani, na Bulonza alikaa kitini, mikono juu ya meza, akingoja anayekuja.

Madaftari aliyapata kwa Colette, msichana wa Bagira, wa darasa hilohilo, mwenye mwandiko safi na maneno mengi. Colette alikubali kuyaazima kwa sharti kwamba Mushagalusa asiseme kwao kuhusu ukuta wa vyooni. Akakubali, tutamsamehe. Na Martine, aliyesema kaa kimya, alikuwa wa kwanza kuleta mkeka. Alisema hawezi kuona mtoto anatembea saa tano halafu anaulizwa vitenzi. Kuanzia hapo Bulonza alilala Kadutu siku za masomo, na Jumamosi alipanda Nyantende kumwona Koko wake.

Usidhani mambo yalinyooka. Mtihani wa Noeli alipata thelathini na nane kwa mia. Maprofesa walimtazama Mushagalusa kwa jicho la pole, na mmoja alimuuliza kwa utani kama ameshaanza kung'arisha zile funguo. Alicheka nao. Nyumbani hakula. Bulonza alipoona sahani ya Mushagalusa imerudi nzima, alikwenda akachukua daftari la aljebra la Colette akaanza kulinakili upya toka ukurasa wa kwanza.

Likizo ya Pasaka Mushagalusa alimwomba Maître Barthélemy ampe watoto wa darasa la sita wa Nyantende kwa asubuhi moja. Maître, mzee mpole, alishangaa: planton atafundisha nini? Mushagalusa alikuja amevaa suti yake ya kanisani, na ndani ya gunia alikuwa na abacost ya shemeji yake, koti lile la Kizaire lisilovaliwa tai, miwani isiyo na vioo, na kofia tatu. Bulonza alipewa jembe kuukuu lililotundikwa mlangoni, alipige kama kengele. Mushagalusa akaingia na miwani, akawa profesa wa hesabu, akafundisha moja na moja ni mbili kwa ukali mkubwa. Jembe likalia. Akakusanya vitabu, akaaga, akatoka. Na watoto wote, arobaini kasoro wawili, wakasimama, wakafanya ishara ya msalaba, wakaanza kusali sala ya kwenda nyumbani.

Maître Barthélemy alifunika mdomo kwa kiganja. Bulonza akasimama mlangoni na kuwaambia wakae. Mushagalusa akarudi na abacost, profesa wa jiografia. Akatoka, akarudi na kofia ya majani, profesa wa Kifaransa, sauti nyembamba. Kufika profesa wa tano watoto walikuwa wanacheka hadi machozi, na hakuna hata mmoja aliyeinuka. Mwishoni aliwaambia neno moja bila mzaha. Mwalimu akitoka, anayekuja anakutafuta wewe. Asipokukuta, atasema huna moyo. Wazazi waliokuwa wamesimama nje madirishani wakapiga makofi. Mtu wa miaka mitatu ya shule, na darasa zima limetulia mbele yake! Alirudi Kadutu anatembea katikati ya barabara.

Mwanzoni mwa Julai ikafika siku ya kusoma matokeo. Wazazi walijaa uwanjani, na Koko Adélaïde alishuka toka Nyantende tangu alfajiri, akakaa mstari wa mbele ambapo hakualikwa. Mushagalusa akapiga kengele, akaenda kusimama langoni kwake, mkono ndani ya mfuko, umeshika funguo. Préfet anasoma toka wa kwanza kushuka. Waliofaulu tu ndio wanaosomwa. Aliyeanguka anajijua kwa ukimya.

Wa kwanza, mtoto wa Ibanda. Wa tano, Colette, kwa jina lake la ukoo. Wa kumi. Wa ishirini. Mushagalusa alijaribu kusali akakuta hakumbuki sala. Wa thelathini. Koko Adélaïde, asiyejua Kifaransa, aligeuka akamtazama kumuuliza kwa macho, naye akatazama pembeni. Wa thelathini na mbili. Préfet akafungua ukurasa, akakohoa.

"Wa thelathini na tatu. Bulonza. Hamsini na mbili kwa mia."

Waliofaulu walikuwa thelathini na nne. Basi alikuwa wa pili toka mwisho, na nakuambia hakuna wa kwanza aliyewahi kupigiwa vigelegele namna ile. Koko aliruka, kitenge kikamfunguka, Martine akamkamata wasianguke wote wawili. Mushagalusa alilia mbele ya maprofesa, mbele ya wanafunzi aliowavuta masikio, na hakujifuta. Préfet Wakenge aliposhuka barazani alipita karibu naye na kumwambia kwamba Septemba, siku ya kwanza, kabla ya profesa yeyote kuingia darasani, citoyen Mushagalusa ndiye atakayesema na wanafunzi wapya wote. Kwa Kiswahili. Katika uwanja ule ambapo mwanafunzi yeyote aliadhibiwa akisema neno moja la Kiswahili. Hakusema chochote kuhusu funguo.

Watu walipopungua, Bulonza alikuja langoni na karatasi ya matokeo. Hakumwamkia kwa mikono miwili safari hii, mikono ilikuwa imeshika karatasi na kalamu. Chini kabisa palikuwa na mstari mtupu.

"Papa, hapa inaomba muzazi aandike jina," akasema. "Koko anasema ni weye."

Mushagalusa alimtazama Koko, na Koko akatikisa kichwa kukubali. Miaka kumi alibeba karatasi za watu wenye sahihi na hakuwahi kutia yake popote. Kwenye mshahara aliweka dole gumba, si kwa kutojua, bali kwa kuogopa kukosea mbele ya karani. Aliweka karatasi juu ya nguzo ya lango. Akaandika polepole, herufi moja moja, ulimi umeshikwa na meno, na Bulonza hakumsaidia hata kidogo. Alipomaliza, msichana alipuliza wino ukauke, kisha akasoma kwa sauti, Koko wake asikie: muzazi, Mushagalusa.